Harusi ya Unguja na Ushauri Unaowapoteza Wageni

Harusi za siku hizi Unguja hazina wageni wa kisiwani peke yao. Bibi harusi kazaliwa Kikwajuni, bwana harusi ni wa Mombasa au Kampala, ami yuko Maskati, shangazi yuko London, rafiki wa chuo anatoka Lubumbashi. Au maharusi wote wawili ni wa Nairobi, nao wamechagua hoteli ya Nungwi kwa sababu ya bahari. Kadi ikishatumwa, kundi la WhatsApp linaundwa, na humo ushauri unaanza kumiminika. Wengi wanaoutoa ni watu wema waliowahi kuja Unguja kutembea, na wanachokijua ni kutembea. Kuhudhuria harusi ni safari ya namna nyingine.

Mtalii akichelewa siku moja, amepoteza siku yake. Mgeni wa harusi akichelewa siku moja amekosa nikaha, na mama wa bibi harusi, ambaye jioni ile alistahili kukaa na mwanawe, ameshinda kwenye simu akimtafutia gari na chumba. Kosa la mgeni hulipwa na mwenye shughuli. Ndiyo sababu nayachukulia kwa uzito madai haya yanayorudiwa kila msimu, na nitayajibu moja moja.

"Sisi ni Afrika Mashariki, kitambulisho kinatosha"

Dai hili lina mzizi wa kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Mkenya anayekuja Unguja, awe anaruka kutoka Nairobi au anapita Horohoro kwa basi la Mombasa, anahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kutoka uhamiaji wa nchi yake. Asichohitaji ni viza. Watu huyachanganya mambo hayo mawili: wanasikia "hakuna viza" wanaelewa "hakuna pasipoti", kisha wanarudishwa kaunta ya uwanja wa ndege huku suti ya harusi iko begani.

Pasipoti yenyewe iwe na uhai wa miezi sita mbele. Na hata kama umeingia nchini kupitia Namanga, Rusumo au Dar es Salaam, usiitumbukize ndani ya begi kubwa unapopanda boti, maana utaulizwa tena bandarini Malindi. Zanzibar ina maofisa wake wa uhamiaji na wanaikagua kwa makini.

Kuna kundi jingine linalodanganywa na dai lililo karibu na hili: "Mimi ni mtoto wa hapa, nani atanidai viza?" Tanzania hairuhusu uraia pacha. Mzaliwa wa Ng'ambo hapa mjini Unguja aliyechukua uraia wa Uingereza huingia na pasipoti ya Uingereza, hata kama ndiye mjomba anayesubiriwa kusimama upande wa bibi harusi. Anahitaji viza kama Mwingereza mwingine yeyote, dola 50 kwa viza ya kawaida ya matembezi, na mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100. Iombwe mtandaoni wiki kadhaa kabla. Najua inauma kuomba ruhusa ya kwenda kwenu, na maumivu hayo sina la kuyafanya, ila nisingependa yachanganyike na hasara ya kukosa harusi.

"Kadi ya njano haiulizwi siku hizi"

Inaulizwa. Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila msafiri wa umri wa mwaka mmoja na kuendelea anayetoka nchi zenye hatari ya maambukizi ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda, Burundi, Kongo na Ethiopia ni miongoni mwake. Anayesema haiulizwi pengine alipita siku ambayo foleni ilikuwa ndefu na ofisa alimpungia mkono. Huwezi kuipanga safari ya harusi juu ya bahati ya mtu mwingine.

Wanaotoka Ulaya wana mtego wao. Uingereza haina homa ya manjano, kwa hiyo mgeni wa London anaambiwa hahusiki. Kisha ananunua tiketi ya bei nafuu inayomweka Nairobi au Addis Ababa usiku mzima. Kusubiri zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye hatari kunamhesabu kuwa ametoka huko, na cheti kinadaiwa. Kabla ya kufurahia punguzo la tiketi, hesabu saa za kusubiri. Na ukitaka kutoka nje ya uwanja wa Nairobi ukalale hotelini, Kenya nayo ina kibali chake cha mtandaoni tangu Januari 2024 kwa wenye pasipoti za Uingereza na nchi nyingi nyingine.

Mambo mawili zaidi. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo sindano ya Jumatano kwa safari ya Ijumaa haikusaidii. Na aliyechanjwa zamani asikubali kuambiwa arudie: tangu Julai 2016 cheti kinahesabika kwa maisha yote, hata kile kilichoandikwa kuwa kinaisha baada ya miaka 10. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu wamwone daktari kwanza, kwani chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na daktari anaweza kuandika cheti cha kusamehewa. Kadi za kununua vichochoroni bila sindano nazikataa kwa nguvu zote. Zinamwacha mtu bila kinga na zinampeleka mbele ya ofisa akiwa na hati ya kughushi.

"Nina bima ya kazini, inanitosha popote"

Kwa matibabu huenda inakutosha. Kwa kuingia Zanzibar haitoshi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayetoka nje anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar lenyewe, dola 44 kwa mtu mzima, inayodumu hadi siku 92. Watanzania hawahusiki. Inanunuliwa mtandaoni kabla ya safari, na ni muhimu kuinunua kwenye ukurasa rasmi wa shirika, kwa sababu kurasa za kuiga zipo. Wenye uraia wa nchi jirani wasome masharti yanayowahusu kabla ya kulipa. Familia ya watu watano izitie dola hizo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, zisije zikazuka uwanjani.

"Fika siku moja kabla, kisiwa chenyewe kidogo"

Kwenye ramani Unguja ni kidogo kweli, kilomita 85 hivi kutoka ncha hadi ncha. Lakini harusi haiko kwenye ramani. Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hadi Nungwi ni kilomita 60 hivi za barabara inayopita katikati ya vijiji, yenye watoto wa shule, baiskeli, daladala na vizuizi vya askari wa usalama barabarani. Saa moja na nusu ni mwendo wa kawaida. Paje ni karibu zaidi kidogo. Hapo bado hujahesabu foleni ya uhamiaji wala begi lililobaki Nairobi.

Begi hilo ndilo hasa linalonifanya niseme siku mbili kamili, tena tatu kwa walio karibu na maharusi. Ndege zikijaa, mizigo huachwa ije na safari inayofuata. Ukifika siku mbili kabla, gauni lina muda wa kukufikia. Ukifika jana yake, utavaa nguo ya kuazima. Nguo ya harusi, viatu vyake na dawa zako vipande nawe kwenye begi la mkononi. Na wanaounganisha Dar es Salaam kwa ndege ndogo wajue kwamba nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa mtu, tena kwenye begi laini linaloweza kusukumwa kwenye tumbo la ndege. Kilo 23 ulizopewa na ndege kubwa zinaishia Dar.

Kuhusu boti, nasikia: "Kutoka Dar ni saa mbili tu, utapanda yoyote." Boti ya mwisho ya mwendo kasi huondoka alasiri. Ndege yako ikitua Dar magharibi, utalala Dar, na hilo lipangwe mapema lisiwe dharura. Halafu kuna upepo. Kati ya Juni na Septemba kusi huvuma kwa nguvu, mkondo unachafuka, na boti huchelewa au huzuiwa kuondoka. Nimeona wageni wakigombana na watu wa bandari siku kama hizo. Naomba wasifanye hivyo. Kisiwani hatujasahau Julai 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Boti inapozuiwa, kuna mtu anafanya kazi yake ipasavyo, na dawa yake ni ile siku ya ziada uliyoiweka kwenye ratiba.

Anayetaka kukodi gari aendeshe mwenyewe aulizie mapema kibali cha kuendesha Zanzibar, kwa sababu leseni ya ugenini peke yake haimtoshelezi askari wa njiani. Kwa harusi nashauri dereva wa huku. Anajua njia ya mkato ya kufika ukumbini na anajua barabara ipi hufungwa saa ya Ijumaa.

"Unguja ni jua mwaka mzima, na pwani ni pwani"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wageni wengi, na hata maharusi wenyewe, wanapokosa habari ambazo mtoto yeyote wa Jambiani anazo.

Mwaka wa kisiwani una misimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni mvua za kweli, na baadhi ya hoteli za mashariki hufunga kabisa Aprili na Mei. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, mvua zake ni fupi lakini zinatosha kulowesha kitambaa cha meza na nywele zilizotengenezwa asubuhi nzima. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ina joto zito. Kusi ina hewa nzuri ya jioni, na pia ina upepo unaopeperusha ushungi na kuzima sauti ya mshehereshaji. Hakuna mwezi ulio mbaya, ila kila mwezi una nguo zake. Mwenye suti ya sufu mwezi wa Januari atateseka, na mwenye gauni jepesi la mabega wazi jioni ya Julai atatafuta mtandio.

Zaidi ya misimu kuna maji. Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Bwejuu, Paje na Jambiani, ina miamba iliyo mbali na mchanga, na maji yakipwa bahari huondoka kabisa. Panabaki uwanda mpana wa mchanga, mawe, vidimbwi na mashamba ya mwani. Nungwi na Kendwa kule kaskazini bahari haikimbii hivyo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na kujaa kuelekea alasiri. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, mambo hugeuka: alasiri maji yapo chini, ingawa hayaendi mbali sana. Familia iliyopanga kiapo cha saa kumi ufukweni Paje bila kuangalia mwezi inaweza kukuta bahari ya picha zao imerudi nyuma.

Wewe mgeni huchagui tarehe, lakini unaweza kujiandaa. Uliza harusi ni pwani ipi na maji yatakuwaje saa hiyo. Usivae kisigino chembamba mchangani. Usijitose kuogelea asubuhi ukatembea nusu saa kufuata maji, maana huko chini kuna shokomzoba, na sindano zake zitakuweka kitini siku nzima ya harusi. Na tafadhali usiyakanyage mashamba ya mwani kwa ajili ya picha. Vile vijiti na kamba ni kazi ya wanawake wa kijiji tangu mwisho wa miaka ya 1980, na kila kamba inayokatika ni mfuko wa mtu.

Jambo jingine la kalenda ni Ramadhani. Naambiwa: "Hoteli zinapika mchana, mgeni hahusiki." Ndani ya hoteli ni kweli. Nje ya geti, kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani mchana wa mfungo ni marufuku, na migahawa mingi ya mitaani hufungwa hadi magharibi. Familia za Kiislamu haziozeshi mwezi huo. Ndiyo maana Shaaban, mwezi wa kabla yake, huwa na harusi juu ya harusi, na baada ya Idd zinaanza tena. Kadi yako ikiwa ya Shaaban, tiketi za ndege na boti zitakuwa zinagombaniwa na waalikwa wa harusi nyingine nyingi. Nunua mapema.

"Kadi imeandikwa saa 10, hiyo ni usiku"

Kadi ya Kiswahili inasema saa kumi alasiri. Kizazi kilichokulia Birmingham au Toronto husoma tarakimu kwa saa za kule. Kama kadi haina neno alasiri au usiku, mwulize mwenye shughuli, na uweke saa hiyo kwenye simu mara moja. Saa ya nikaha, kinyume na wanavyosema watu kuhusu saa za Kiafrika, haichezewi, kwa kuwa imefungwa kwenye swala.

"Beba dola, kila mtu anazitaka"

Hili lilikuwa na ukweli zamani. Machi 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza kanuni zinazotaka bei na malipo ya ndani ya nchi yawe kwa shilingi. Dola zako ni za kubadilisha benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, kisha unatumia shilingi. Noti za zamani, zilizochanika au zilizochorwa hukataliwa. Mashine za kutolea fedha zipo nyingi mjini, za benki za PBZ, CRDB na NMB. Ukishaingia vijijini mashariki zinapungua, na moja ikiisha fedha mwisho wa wiki hakuna wa kuijaza hadi Jumatatu. Toa fedha mjini kabla hujaenda hotelini.

Ndugu zetu wa Kenya huongeza: "M-Pesa ni ile ile." Jina ni moja, lakini akaunti ni mbili. Unaweza kutuma fedha kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda kwa mtu aliye Tanzania, ila muuza madafu wa Kendwa mwenye lipa namba ya hapa hutamlipa kirahisi kwa laini yako ya Nairobi. Anayekaa siku kadhaa asajili laini ya hapa, na kwa hilo atahitaji pasipoti yake na alama za vidole.

Weka pia noti ndogondogo. Kwenye ukumbi wenye taarab, wimbo ukikugusa unainuka, unasogea kwa mwimbaji na unamtunza. Mwenye noti za elfu kumi tupu atamaliza bajeti yake kabla ya wimbo wa tatu, na asiye na kitu mkononi atajisikia mpweke wakati meza nzima imesimama. Hotelini, kabla ya kulipa, uliza kodi za kila usiku ambazo hazimo kwenye bei uliyoiona. Mara nyingi hudaiwa siku ya kuondoka.

"Harusi ni harusi, vaa unavyovaa kwenu na piga picha"

Katika madai yote, hili ndilo linaloumiza watu, na ndilo ninalotaka lisikike.

Kwanza jua umealikwa harusi gani. Kuna harusi ya hoteli ya ufukweni, ambako wanaume na wanawake wako pamoja na nguo ni zile za sherehe popote. Kuna ndoa ya kanisani, pengine Mkunazini kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, au kwa Wakatoliki, Minara Miwili. Na kuna harusi ya Kiunguja yenyewe, ambayo ni mfululizo wa shughuli: singo ya kumsugua bibi harusi, hina, nikaha, ukumbi, na walima, yaani karamu ya ndoa. Mgeni anayedhani ni tukio moja la saa tatu hajui anaingia wapi.

Nikaha hufungwa msikitini au nyumbani, na mara nyingi wanawake hawamo. Bibi harusi mwenyewe hayupo. Walii wake anashikana mkono na bwana harusi, maneno ya kuozesha na kukubali yanasemwa mbele ya mashahidi, dua inaombwa, halua na kahawa vinapita. Ni jambo fupi. Nimewasikia wageni wa kike kutoka bara wakilalamika kwamba wamesafiri mbali wakazuiwa kuona ndoa. Hawakuzuiwa. Sehemu yao iko kwingine, na ni kubwa zaidi. Mwanamume mgeni avae kanzu na kofia kama anazo, au suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Kama si Mwislamu, amwulize mwenyeji wake atakaa wapi. Atapewa nafasi ya heshima na hakuna atakayemshangaa.

Ukumbi wa wanawake ndio moyo wa shughuli. Wanakuja na mabuibui, na ndani wanayavua. Yanatokea magauni, dhahabu, hina na piko hadi viwikoni, nywele zilizofukizwa udi. Wanawake wale wanajistiri mbele ya wanaume wasio maharimu wao mwaka mzima, na wamejifungua pale kwa kuaminiana. Simu yako ikipiga picha moja na kuirusha kwenye kundi lenye wajomba na marafiki wa kazini, umewavua ushungi mbele ya watu ambao wao hawakuwachagua. Sijui namna ya kulirekebisha hilo likishatokea. Picha haifutiki kwenye simu za watu mia. Kwa hiyo siposti, sirushi moja kwa moja, na simu haitoki mkobani mpaka mama wa bibi harusi aseme. Baadhi ya familia huandika sharti hilo kwenye kadi, wengine huzikusanya simu mlangoni. Usinung'unike. Mpiga picha wa kike aliyekodiwa yupo, na picha zinazoruhusiwa utatumiwa.

Mvulana mkubwa wa miaka kumi na kitu usimpeleke ukumbi huo kwa kisingizio kwamba ni mtoto wako. Mwache na wanaume.

Wanaoalikwa harusi ya hoteli wasidhani habari ya mavazi haiwahusu. Kati ya chumba chako na bahari vaa upendavyo. Ukitoka kwenda Mji Mkongwe, sokoni Darajani au dukani kijijini, mabega na magoti yafunikwe, mwanamume naye asitembee kifua wazi. Kanga mbili mkobani zinamaliza kazi. Mzee wa kijiji hatakwambia kitu ukipita na nguo ya kuogelea. Atamwambia baba wa bibi harusi, kwa upole, siku nyingine, na baba atabaki na aibu ambayo hukuijua.

Anayetaka kurusha droni juu ya sherehe kwa nia ya kuwazawadia maharusi video, ajue inahitaji kibali. Bila kibali aiache nyumbani.

"Nakuja na mwenzangu, hawatakataa"

Hawatakataa kwa sababu ni waungwana, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kadi za Tanzania huandikwa ya mtu mmoja au ya wawili. Hotelini kila kichwa kina bei. Walima una kipimo cha mchele na nyama kilichopangwa kwa majina. Uliza mapema, kwa njia inayompa mwenyeji nafasi ya kusema hapana. Kama jibu ni hapana, mwenzako anaweza kuja Unguja akapumzika wakati wewe uko ukumbini.

"Nimelipa nauli, hiyo ndiyo zawadi yangu"

Nakubaliana nalo nusu. Mtu aliyevuka bahari au aliyesafiri kwa basi kutoka Lubumbashi kupitia Kasumbalesa na Tunduma amekwishatoa kitu kikubwa, na familia yenye utu inalijua hilo. Hakuna anayestahili kudaiwa mchango wa kiwango kile kile cha jirani wa Kikwajuni. Lakini usije mikono mitupu. Bahasha ndogo kwa jina lako, iliyokabidhiwa kwa mtu aliyetajwa na familia, inatosha, na ni bora kuliko seti ya vyombo ambayo maharusi watalazimika kuilipia mzigo. Usifunge zawadi wala vitu vyako kwenye mifuko ya plastiki. Tanzania Bara iliipiga marufuku Juni 2019, Zanzibar ilitangulia, na uwanjani itachukuliwa. Karatasi au kipande cha kitenge vinafaa.

"Umealikwa, kwa hiyo lazima uende"

Dai hili limewaingiza watu kwenye madeni. Mtu anakopa kwa ajili ya tiketi, bima, chumba na nguo, anafika amechoka na ana hofu, kisha anahesabu kila soda. Mwaliko wa harusi ya mbali ni heshima, na kuukubali ni hiari. Uwezo ukiwa haupo, kataa mapema na kataa kwa sauti yako. Mpigie simu bibi harusi au mama yake, usiwaachie alama ya kidole gumba kwenye kundi. Hoteli nyingi hushikilia vyumba vya wageni hadi tarehe fulani, na baada ya hapo familia hulipia hata kitanda kisicholaliwa. Ukisema kabla ya tarehe hiyo, nafasi yako anapewa binamu aliyekuwa hana, na mpishi anapunguza sinia moja. Mchango wako utume kwa jina lako. Kisha panga kuja baadaye, nje ya Shaaban na nje ya Desemba, nauli zinaposhuka na maharusi wamemaliza fungate. Utapata muda wa kuzungumza nao, jambo ambalo siku ya harusi yenyewe hakuna mgeni anayelipata.